Windo na Mfugo: Habari za Kulisha Nyoka

Kiswahili chatenga wanyama kwa maneno mawili yaliyo mbalimbali. Mnyama atafutwaye porini ni windo. Mnyama atunzwaye na mtu nyumbani ni mfugo. Windo lina nafasi ya kukimbia, na mwindaji huenda akarudi mikono mitupu. Mfugo hauna nafasi hiyo: kuishi kwake na kufa kwake kumo mikononi mwa mwenyewe. Twataka kueleza hapa habari za mnyama mmoja mdogo, yaani panya, jinsi alivyotoka katika neno la kwanza akaingia katika la pili, kwa ajili ya watu wafugao nyoka.

Habari hizi twazianza mjini London. Katika mwaka wa 1849 Chama cha Elimu ya Wanyama, kilichoundwa mwaka 1826, kilifungua katika bustani yake ya Regent's Park nyumba ya nyoka na mijusi, ya kwanza ya namna yake duniani. Watu wakaja kwa wingi. Hatari yake ilijulikana upesi, kwani mwaka 1852 mtunzaji mmoja, Edward Girling, aliumwa na swila akafa. Lakini hatari haikuwapunguza watazamaji, wala si nyoka tu waliotazamwa. Saa ya kulisha ilipofika, sungura, panya na ndege walitiwa hai ndani ya vizimba, na watu wakasimama mbele ya vioo kungoja yatakayotokea. Charles Dickens, mtunga hadithi mashuhuri, alikuwa mmoja wao. Akaandika baadaye katika barua kwamba picha ya mambo aliyoyaona haikumtoka akilini.

Basi yakazuka mashindano ya maneno. Wenye kuwahurumia wanyama walisema kwamba ni ukatili kumfungia kiumbe dhaifu pamoja na adui yake, pasipo mlango wala shimo la kukimbilia. Watunzaji wakajibu kwamba ndiyo desturi ya mwitu, na tena kwamba nyoka hawezi kula mzoga. Asipopewa kilicho hai atakufa njaa. Jibu hili la pili lilikuwa na nguvu, kwa kuwa aliyemnyima nyoka chakula naye angekuwa mkatili. Walimu wetu watalitambua jibu la namna hiyo: wahenga walisema, mwana wa nyoka ni nyoka, maana yake, asili haigeuzwi.

Lakini neno likisemwa mara nyingi halijawa kweli kwa kusemwa tu. Hapana budi lipimwe. Mwaka 1907 P. Chalmers Mitchell, katibu wa chama kile, pamoja na R. I. Pocock, msimamizi wa bustani, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliwapa nyoka wa namna nyingi wanyama waliokwisha kuuawa, wakaona kwamba karibu wote walikula. Tena waliwapeleka wanyama mbalimbali mbele ya nyoka ili wajue kama wana hofu. Nyani na kima walitishika sana. Bali wanyama wengi wadogo hawakuonyesha hofu yo yote, wakawa kama hawamjui aliye mbele yao.

Matokeo hayo yalikata pande zote mbili, na hapo ndipo penye fundisho. Waliomlilia panya walikuwa wamekosea kidogo, kwani hofu waliyomdhania haikuwa yake, ilikuwa yao wenyewe wanadamu, jamaa za nyani. Lakini waliomtetea nyoka walikuwa wamekosea zaidi. Ikiwa nyoka aweza kula kilichokufa, basi aliyehitaji panya aliye hai ni nani? Twaona kwamba mara nyingi hakuwa nyoka, bali mtu aliyesimama nje ya kioo.

Wakati uo huo panya naye alikuwa akipata wafugaji wake. Huko Uingereza wapenzi wa panya wa rangi waliunda chama chao mwaka 1895. Huko Marekani, katika kijiji cha Granby, Massachusetts, bibi mmoja, Abbie Lathrop, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuugua, alianza karibu na mwaka 1900 kufuga panya wa kuuza. Wengi wa wanunuzi wake wakawa wataalamu wa elimu ya magonjwa, na vizazi vya panya wake vyatumika katika maabara hata leo. Kazi hiyo yafaa kwa sababu ya uzazi wao: panya mdogo huchukua mimba siku 20 hivi, watoto huachishwa ziwa wapatapo majuma 3, na baada ya majuma machache tena nao waweza kuzaa. Maarifa hayohayo ya masanduku, maranda na nafaka ndiyo yatumiwayo na wazalishao panya kwa ajili ya nyoka.

Siku hizi panya hao huuawa upesi, mara nyingi kwa hewa ya kaboni dioksidi, hugandishwa, kisha hupashwa moto katika maji kabla ya kutolewa kwa koleo. Joto hilo si bure: chatu wengi wana vishimo mdomoni vinavyotambua joto la kiumbe, hata mnyama aliyekufa akawa kwao kama aliye hai. Tena nyoka mwenyewe hupata salama, kwani panya hai aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa huweza kumtafuna na kumtia majeraha mabaya. Wako nyoka wachache wakaidi, na sheria ya Uswisi ya mwaka 2008 yawafikiria: yaruhusu mnyama hai kutolewa pale ambapo kulisha kwa njia nyingine hakuwezekani, au mla nyama atayarishwapo kurudishwa mwituni.

Nchi zetu nazo zina nyumba za nyoka. Ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na ya Watamu mwaka 1980. Kwa hiyo swali hili si la wageni peke yao. Mwanafunzi akiuliza kama ni vibaya nyoka kula panya, na ajibiwe kwamba nyoka hana kosa, hula alichoumbiwa. Swali ni la mtu. Kwa panya wa porini mtu hana deni, kwa kuwa ni windo la nyoka wala si lake. Lakini aliyemzalisha panya sandukuni amekwisha kumfanya mfugo, na mfugo una haki kwa mwenyewe: nafasi, maji, usafi, na siku yake ikifika, kifo cha upesi. Afugaye nyoka yampasa akumbuke kwamba amefuga wawili.