SHAURI MOYO: KISA CHA MITAA YETU NA AFYA YETU



Ukipanda matatu mjini kuelekea Jogoo Road, mara nyingi utamsikia makanga akiita, "Burma! Shauri Moyo! Kaloleni!" Jina hilo la katikati umelisikia mara ngapi? Je, ushawahi kukaa chini ukalifikiria? Shauri moyo. Yaani jambo hili limeachiwa moyo wako, amua mwenyewe.

Wengi wetu twalipita jina hili kama twavyopita kituo cha basi. Lakini lina kisa chake, na kisa chenyewe kinahusu afya. Ndiyo, afya hii hii tunayoizungumzia kila Ramadhan tukiwa mbele ya sinia la sambusa. Wacha nikusimulie, kisha tuulizane swali moja mwishoni.

Afya ilipotumiwa kututenga

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mji ukakua haraka kuliko mifereji yake. Mwaka 1902 tauni ikazuka katika soko la Wahindi, na daktari wa serikali akaamuru soko lichomwe moto. Mwaka 1913 akaletwa bingwa wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, aushauri mji. Ushauri wake mkubwa ulikuwa nini? Watu wakae mbalimbali kwa rangi zao: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya.

Hebu fikiria. Mtaa wa maskini ni mchafu kwa sababu hauna maji wala mifereji. Badala ya kuupelekea maji na mifereji, wakubwa wakaona heri wenye mtaa wasukumwe mbali.

Wakati huo palikuwa na vijiji vya Waafrika kandokando ya mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na vinginevyo. Waislamu walikuwa wengi humo. Watu walijijengea nyumba za udongo, wakapangisha vyumba, wakaleana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikafungua Pumwani iwe mahali rasmi pa Waafrika, na vile vijiji vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi. Hata nayo, ilipofika mwaka 1939, ilikuwa imevunjwa. Baraza la mji lilikuwa limejenga nyumba mpya karibu na Pumwani, na baadhi ya wenye nyumba wa Pangani wakapelekwa huko.

Huko ndiko Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina lilitokana na uamuzi ule mgumu wa kuhama: utakwenda ama hutakwenda, ni shauri ya moyo wako. Lakini wewe msomaji waona mwenyewe kwamba hapakuwa na hiari kubwa hapo. Nyumba yako inavunjwa, kisha unaambiwa uamue!

Chakula kinaua, chakula kinajenga

Twende sasa Kariokor, hatua chache kutoka hapo. Jina hilo nalo halikuanguka kutoka mbinguni. Ni "Carrier Corps" kwa matamshi yetu, kikosi cha wapagazi wa Vita Vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliochukuliwa na Waingereza katika Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, hasa kuhara damu na malaria. Walipewa unga usiofaa, hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yakaharibika. Ukumbi wa Pumwani Memorial Hall, uliojengwa miaka ya 1920, ni kumbukumbu ya watu wa vita hivyo.

Kwa hiyo babu zetu walijua, tena kwa machungu, kwamba kile mtu anachokula si jambo dogo.

Tazama basi walivyoishi Pumwani. Nyumba ya Majengo ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Nyumba nyingi zilimilikiwa na wanawake. Mabomba ya maji yalikuwa ya jamii, vyoo vya jamii, na msongamano ulikuwa mkubwa. Tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa pepo. Kifua kikuu kiliua watu, na watoto walikufa kwa maradhi ambayo leo chanjo yatosha kuyazuia. Zahanati ya wazazi iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, ambayo leo ni Hospitali ya Pumwani, ilifunguliwa kwa sababu haja ilikuwa kubwa. Pengine hata wewe unayesoma ukurasa huu ulizaliwa pale.

Lakini ndani ya dhiki ile watu walikuwa na mazoea yaliyowafaa. Walikula kwenye sinia moja. Kunde, maharage, mbaazi, muhogo na mboga za majani ndivyo vilivyokuwa chakula cha siku kwa siku, manake ndivyo vilivyonunulika. Kwa familia nyingi za Nairobi chapati ilikuwa ya sikukuu, watoto waliisubiri kama nguo mpya. Soda ilikuwa ya harusi. Sukari ilinunuliwa kidogo kidogo, imefungwa kwenye karatasi.

Baadaye mambo yakabadilika polepole, bila mtu kutangaziwa. Viwanda vya sukari viliongezeka nchini baada ya uhuru: Muhoroni mwaka 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Mafuta ya kupikia na unga mweupe wa ngano vikajaa madukani. Si jambo baya watu kupata chakula, alhamdulillahi. Taabu ni kwamba kile kilichokuwa cha Idd kikawa cha kila siku, na sisi hatukukumbuka kupunguza kipimo.

Miguu ya baba zetu

Mabasi ya Kenya Bus yalianza Nairobi mwaka 1934, lakini nauli ilikuwa pesa. Wazee wa Kaloleni, Makongeni, Bahati na Mbotela walikwenda kazini Industrial Area kwa miguu, na jioni wakarudi kwa miguu. Hawakuita "mazoezi". Waliita kwenda kazini.

Na mitaa yenyewe ilipangwa kwa mtu anayetembea. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipewa nyasi, miti, na ukumbi wa jamii katikati. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ulitaka kila mtaa uwe na shule, maduka na uwanja wake, ili mtoto asilazimike kuvuka barabara kubwa. Waliopanga walikuwa wakoloni, na haki haikuwamo katika mipango yao, lakini viwanja vile vilitufaa. Ukiwauliza wazee watakwambia habari za mpira wa jioni, ngoma, mikutano, na mabaraza ambapo watu walicheka mpaka adhana.

Halafu? Mwaka 1973 matatu zikaruhusiwa rasmi. Mwaka 2008 pikipiki ndogo zikaondolewa ushuru, na boda boda zikafika hadi mlangoni. Viwanja navyo vikaanza kuyeyuka. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote. Kwetu Eastlands hatukuhitaji ripoti kujua. Uwanja uliochezea wewe ukiwa darasa la tatu, leo uko wapi? Nenda ukaangalie, pengine utakuta gorofa ama gereji.

Mfano wa Mathare

Usiseme kwamba vijana hawawezi kitu. Mwaka 1987 huko Mathare kulianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Watoto walitaka mpira. Takataka nazo zilijaa mitaani, mifereji imeziba. Basi wakaunganisha mambo hayo mawili: timu ikijitokeza kusafisha mtaa, inapata pointi kwenye ligi. Ukikosa kusafisha, hata ufunge mabao mangapi, jedwali litakuonyesha.

Kazi hiyo ilipata tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, Global 500, mwaka 1992. Kutoka humo ikazaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikachukua ubingwa wa ligi ya Kenya. Mimi najali zaidi wale watoto waliojifunza kwamba kufagia mfereji na kufurahi vyaweza kwenda pamoja. Hawakungoja lori la baraza la mji lije kwanza.

Leo hii, nyumbani kwako

Turudi sasa kwenye sinia letu. Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alionekana kuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Na asilimia 94 hawakula matunda na mboga za kutosha kwa siku.

Soma tena hiyo ya kupimwa. Presha haina kelele. Mama anapika daku, anachuuza, anapeleka watoto madrasa, hana habari. Siku anayoanguka ndiyo siku familia inajua, na hapo ndipo mchango unaanza kuitishwa mtaani. Wewe wajua michango hiyo, si umechangia?

Sisi wa Nairobi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu yetu ni kama saa 13 na nusu mwaka nenda mwaka rudi. Tumbo linapumzika siku nzima, jambo jema. Halafu adhana ya Magharibi inalia, na kwa nusu saa tunalirushia kaimati, viazi karai, bhajia, sambusa, sharubati yenye sukari vijiko vinane, na soda juu yake. Baada ya Tarawehe, chipsi. Daku tunalala. Mwisho wa mwezi mtu anashangaa kwamba amefunga siku 30 na suruali imembana!

Sote tulifundishwa madrasa habari ya tumbo kugawanywa mafungu matatu, chakula, maji na pumzi. Na tulifundishwa kuhusu israfu. Elimu tunayo. Kilichobaki ni ile shauri ya moyo.

Na hapa lazima niseme ukweli. Si kila kitu ni uamuzi wako. Mfereji wa maji machafu unaopita mlangoni hukuuweka wewe. Moshi wa jaa la Dandora hukuuwasha wewe. Bei ya matunda hukuipanga wewe. Mtu akikwambia afya yako ni juu yako peke yako, mkumbushe Pangani, ambako watu walivunjiwa nyumba kisha wakaambiwa waamue. Hayo makubwa tuyadai kwa viongozi, tena bila aibu.

Lakini yapo madogo ambayo hakuna diwani wala waziri anayeyashika. Hebu tuyataje.

Kufuturu kwa tende na maji, kisha uji ama supu, halafu sala, ndipo chakula. Ukirudi, njaa imeshatulia. Kati ya vitu vya kukaanga, chagua kimoja kwa siku, vingine vipishe mbaazi, muhogo wa kuchemsha, tikiti maji, papai, na sukuma wiki ya mama mboga. Sharubati ya ukwaju yaweza kunyweka na nusu ya sukari, jaribu siku tatu ulimi utazoea. Tarawehe nenda na rudi kwa miguu kama njia ni salama, pamoja na jirani na watoto. Daku usiiache. Na kabla mwezi haujaisha, mchukue mama, baba, shangazi, mkapimwe presha na sukari kwenye zahanati iliyo karibu. Aliye na kisukari ama anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kuhusu saumu yake, asijiamulie dozi.

La mwisho ndilo ninalolipenda. Toeni mkeka nje. Kuleni pamoja barazani hata kama ni gorofani, kwenye korido. Muiteni yule bachela wa chumba cha pili ambaye hufuturu mkate na soda peke yake mbele ya simu. Majengo ya zamani haikuwa na pesa, lakini mtu hakufuturu peke yake. Furaha hiyo hainunuliwi dukani, na aliyekula akizungumza hula polepole, akashiba mapema.

Swali nililokuahidi ni hili. Wazee wa Pangani waliambiwa "shauri ya moyo wako" na hawakuwa na cha kuchagua. Wewe leo jioni, adhana ikilia, una cha kuchagua mbele yako kwenye sinia. Utachagua nini?

Ramadhan karim. Wabillahi tawfiq.