Laini Ilitangulia Simu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vingi vya Tanzania na Kenya, lilikuwa jambo la kawaida kumkuta mtu mwenye laini lakini asiye na simu. Laini aliitunza kwenye pochi, au aliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na noti. Akiwa na shida ya kuwasiliana, aliazima simu ya jirani, akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akachomoa laini ya mwenye simu na kupachika yake, kisha akasubiri mtandao ushike. Meseji zilizokuwa zikimngoja tangu juzi ziliingia kwa mfululizo. Alijibu zile za haraka, akambipu ndugu aliye mjini, akarudisha kila kitu mahali pake na kushukuru.

Historia ya simu janja mara nyingi huanzia San Francisco, tarehe 9 Januari 2007, siku Steve Jobs alipoionyesha iPhone. Kwa Mmarekani, huo ni mwanzo wa haki. Kwa Afrika Mashariki, ukianzia hapo umeruka sehemu kubwa ya habari. Huku simu ilikuwa imeshakuwa kitu cha lazima kabla kioo cha kupangusa hakijafika, na kilichotangulia kuwa mali ya mtu mmoja kilikuwa namba yake, si kifaa chenyewe. Bila kulijua hilo ni vigumu kueleza kwa nini mama lishe anayepata faida ya kubangaiza yuko tayari kujinyima miezi kadhaa ili anunue simu.

Kabla ya hapo namba haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya ofisi, ya duka, ya parokia au ya nyumba ya mwenye nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania haikuwa na hata simu 1 ya mezani kwa kila watu 100, na aliyeomba kuunganishiwa aliweza kungoja miaka. Mtu alipigiwa kwa mwenye duka, mtoto akatumwa mbio kwenda kumwita, na mpigaji akaambiwa apige tena baada ya robo saa. Mazungumzo yalifanyika mbele ya wateja wa sukari na mafuta ya taa, kwa hiyo yalikuwa mafupi na ya tahadhari.

Simu za mkononi za kwanza hazikubadilisha hali hiyo. Mobitel ilianza huduma Dar es Salaam mwaka 1994, na Kenya ilikuwa imeanza muda mfupi kabla, chini ya shirika la posta na simu la serikali, kwa bei ambazo ni mawaziri na wafanyabiashara wakubwa tu waliozimudu. Katika mitandao hiyo ya analogia namba ilifungwa ndani ya kifaa. Ukikosa kifaa, huna namba.

Mfumo wa kidijitali wa GSM ndio uliotenganisha namba na kifaa. Laini ya kwanza ilitengenezwa Munich mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient, kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Ufini, na ilikuwa kubwa kama kadi ya benki. Wajerumani waliobuni kijikadi hicho hawakuwa wakiwafikiria wakulima wa Singida wala Kakamega, lakini hao ndio waliokipa matumizi makubwa kuliko yaliyokusudiwa. Vodacom ilipoanza Tanzania mwezi Agosti 2000, na Safaricom ilipozindua huduma zake Kenya miezi miwili baadaye, laini iliuzwa bila mkataba na bila bili ya mwisho wa mwezi. Mtu alikwangua vocha, akaingiza tarakimu, akaongea hadi salio likaisha. Safaricom ilitoza kwa sekunde badala ya dakika, na hilo peke yake liliwaingiza sokoni watu ambao walikuwa na sentensi mbili tu za kusema.

Kifaa nacho kilikuja polepole. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani kote, ilikuwa na tochi kichwani na mpira mmoja uliofunika vitufe vyote ili vumbi lisiingie. Tochi hiyo ilimulika njia ya chooni usiku, ikamsaidia mkunga kijijini na mlinzi getini. Umeme wa kuichaji ulipatikana kwenye kibanda cha sentani, penye betri ya gari na rundo la nyaya, ambako kila simu ilibandikwa kipande cha plasta chenye namba. Wateja waangalifu waliacha simu na kuondoka na laini.

Kisha pesa ikaingia ndani ya laini. Mwezi Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya mfumo wa kurejesha mikopo midogo ya taasisi ya Faulu kwa njia ya simu. Wateja waliona mfumo una faida nyingine: walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na waliokuwa mjini wakawapelekea walio nyumbani. Mpango ukageuzwa kufuata walichokuwa wakifanya, na tarehe 6 Machi 2007, miezi miwili baada ya onyesho la San Francisco, M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Orodha yake ya huduma ilikaa kwenye laini yenyewe, hivyo wenye laini za zamani walilazimika kuzibadilisha. Tanzania ilifuata mwaka 2008, na mamilioni wakaikariri *150*00# kama wanavyokariri jina la kijiji chao. Kokote nilikoikuta historia hii ikisimuliwa, jambo hili hupitiwa haraka mno: kitochi cha bei ya chini kabisa kiligeuka kaunta ya benki, na namba ikawa mahali ambapo mshahara, ada ya shule na rambirambi vilipitia.

Kwa kuwa kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na kwa kuwa mtandao unaoshika mjini haukushika shambani, watu walitembea na laini mbili tatu na kuzibadilisha siku nzima. Kampuni ya Tecno ya Shenzhen, ambayo baadaye ilijulikana kama Transsion, iliona usumbufu huo na kuuza simu za laini mbili zenye betri inayodumu na chaji. Nokia ilichelewa, na soko likahama.

Kwa hiyo simu janja ilipofika ilikuta nafasi imeshaandaliwa. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, ukagusa Mombasa na Dar es Salaam, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Mwaka huohuo Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye simu. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom iliuza Huawei IDEOS, yenye kioo cha inchi 2.8, kwa chini ya shilingi 9,000 za Kenya. WhatsApp ilienea kwa kasi kwa sababu haikudai barua pepe wala nywila: ilitaka namba, na namba kila mtu alikuwa nayo tayari. Kamati za harusi za Dar es Salaam zilihamia humo. Orodha ya ahadi inabandikwa kwenye kundi, mchango unatumwa kwa mweka hazina, orodha inabandikwa upya, na ambaye jina lake bado lina sifuri analiona pamoja na ukoo mzima.

Usiku wa manane wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, zipatazo 630,000. Wenye nazo walihamishia laini kwenye simu nyingine na pesa zao zikabaki salama. Picha za watoto na meseji zilizobaki kwenye kifaa hazikuhama pamoja na laini. Ni hasara iliyoonyesha kwamba kifaa nacho kimeanza kubeba maisha ya mtu.

Serikali ya Tanzania ilikaza zaidi fundo kati ya mtu na namba yake mwaka 2019, ilipoagiza kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Foleni za vitambulisho zilikuwa ndefu kiasi kwamba tarehe ya mwisho, 31 Desemba, ilisogezwa hadi 20 Januari 2020.

Nenda leo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uangalie fundi anavyobadilisha kioo kilichopasuka. Anapasha kingo kwa hita, anapenyeza kadi nyembamba ya plastiki, anainua kioo taratibu asikate utepe wa nyaya, anasafisha gundi kwa pamba na spiriti. Mteja hatoki hapo. Ameshachomoa laini yake na kuiweka mfukoni, lakini bado amesimama juu ya bega la fundi, macho hayabanduki, kwa kuwa siku hizi laini peke yake haitoshi: programu ya benki, sauti ya marehemu mama yake na picha za bidhaa anazouza Instagram zimo ndani ya simu.

Bei bado ni ukuta kwa wengi, hasa wanawake wa vijijini. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kununua simu kwa mkopo: amana ya shilingi 1,000 za Kenya, kisha shilingi 20 kwa siku. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, Kenya. Hizi ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, simu ya mkopo hufungwa kwa mbali malipo yakikatika, na dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu hupoteza kazi siku hiyohiyo anapokosa pesa ya kulipia. Mkopeshaji ana haki ya kudai chake. Lakini kifaa ambacho mtu anafanyia kazi, anahifadhia fedha na kuitia msaada usiku hakifai kuzimwa kama redio ya mkopo, na wadhibiti wa Nairobi na Dodoma wanapaswa kusema wazi ni siku ngapi za neema mdaiwa anastahili, na ni huduma zipi zibaki wazi hata deni likiwepo.