Mbuzi wa Mfalme

Watalii wengi huenda Cogne, kijiji cha mapumziko katika milima ya Alps nchini Italia, kufuata theluji. Mimi nilikwenda wakati wa kiangazi kuwatazama ibex, mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Walikuwa wakilisha juu ya majabali, wala hawakunijali. Utulivu wao una historia.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mbuzi hao walikuwa karibu kutoweka. Bunduki ziliwamaliza, nao watu waliamini kwamba pembe na damu yao ni dawa. Katika Alps yote walisalia kama 100 tu, kwenye milima hiyo ya Gran Paradiso. Mwaka 1821 ilipigwa marufuku kuwawinda. Mwaka 1856 Mfalme Vittorio Emanuele II aliitenga milima hiyo iwe mawindo yake mwenyewe, akaweka walinzi. Mjukuu wake aliitoa kwa taifa, na mwaka 1922 ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Italia. Maelfu ya ibex walioko Alps leo ni uzao wa wale wachache.

Basi aliyewaokoa ni mtu aliyetaka kuwaua peke yake. Katika ngome yake ya Sarre, kuta zimepambwa kwa pembe nyingi mno. Mwanakijiji aliyeua mmoja kwa ajili ya chungu chake aliitwa jangili. Nafurahi kwamba mbuzi wapo. Lakini tunapousifu uhifadhi, tumkumbuke na yule aliyefungiwa mlima wake.