Kusomewa na Kujisomea Mombasa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kusoma kulikuwa kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya jicho. Katika chuo cha Qurani mwanafunzi aliipokea aya kutoka mdomoni mwa mwalimu, akairudia mpaka ikakaa kifuani. Ubao alioandikia uliisaidia kumbukumbu tu. Tenzi ziliimbwa barazani, na barua iliyofika kwa jahazi ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa walioketi. Katika utaratibu huo asiyeona hakuwa mbali sana na mwenye macho. Aliyehifadhi Qurani yote aliitwa hafidh, aone asione, na waliosoma chuo walikijua kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum, sahaba kipofu aliyeadhini Madina, ambaye kwa ajili yake iliteremshwa sura ya Abasa. Hali hiyo isipambwe kupita kiasi, kwani kipofu maskini bado aliomba sadaka mlangoni mwa msikiti. Ila elimu yenyewe haikumfungia mlango kwa sababu ya macho tu.

Hati zenyewe zilidai sikio. Kiswahili cha Mombasa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p, v wala ch. Mwandishi wa zamani aliitumia be kwa b, kwa p na hata kwa mb, hivyo neno lenye be mbili na irabu ya a laweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Macho makali hayakutosha kulitambua. Ilibidi msomaji akijue Kiswahili na aijue habari inayozungumzwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalipona kwa mdomo na kwa karatasi pamoja: Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akayaandika na kumfafanulia mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, na miswada hiyo sasa imehifadhiwa London. Sikujua, na baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, walizirekebisha herufi kwa nukta na alama za ziada ili sauti za Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, zipate kutofautishwa. Mwaka 1932 Sheikh al-Amin alianza kutoa gazeti lake la al-Islah kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati hizo.

Wakati huo upepo ulikuwa umeshageuka. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na mkutano uliofanyika Mombasa penyewe mwaka 1928 ukaichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule. Kimvita kikabaki majumbani na katika majina ya mitaa kama Ndia Kuu, yaani Njia Kuu. Pamoja na herufi mpya zilikuja karatasi za aina mpya: risiti ya ushuru, hati ya kiwanja, samansi ya mahakama, bili ya maji, taarifa ya benki. Karatasi hizi hazihifadhiwi kifuani. Kila moja ni ngeni, ina tarakimu zake na siku yake ya mwisho, na mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo asiyeona alipoachwa nyuma hasa. Alimtegemea mtoto wa jirani au karani amsomee, na mtu aliyesomewa barua ya benki hana tena siri ya fedha zake. Isitoshe, msomaji wa kuazima huruka asichokielewa, hufupisha, na pengine husoma kile anachotaka kisikike.

Breli iliingia kupitia shule. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na upande wa Mombasa shule ya wasioona ikawa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Nukta sita za Louis Braille ziliwawezesha wanafunzi kusoma na kuandika kwa vidole vyao wenyewe, na mpaka leo ni vigumu kupata chombo kinachomfundisha mtoto asiyeona tahajia vizuri zaidi. Qurani nayo imechapishwa kwa breli, ambayo hata kwa Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume cha msahafu. Lakini kitabu kimoja cha shule kikigeuzwa breli huwa majuzuu kadhaa mazito, na bili za maji hazikutumwa kwa nukta.

Jawabu la karatasi ya kawaida lilitoka kwenye mashine. Mwaka 1976 Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha chombo kilichopiga picha ukurasa, kikatambua herufi za chapa za maumbo mbalimbali, kisha kikautamka. Bei yake ilikuwa ya kulipwa na taasisi. Visoma skrini, yaani programu zinazotamka maandishi ya kompyuta, vilifuata njia nyingine: JAWS ilitoka mwaka 1989, na NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ikatolewa bure. Hiyo bure ndiyo iliyoifikisha mbali. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009, lilifungua maabara za kompyuta katika shule za wasioona za Kenya, Likoni ikiwemo.

Kisoma skrini, hata hivyo, hakioni. Hutamka herufi ambazo kompyuta tayari inazijua kuwa ni herufi. Karatasi iliyopigwa picha ni madoa ya rangi tu. Kikifika hapo hutaja kuwa ni picha, au hunyamaza. Na ofisi zilipohamia kwenye kompyuta zilihama na mazoea yao: barua hupigwa muhuri, hupitishwa kwenye skana, kisha hutumwa kama picha. Kwa hiyo kuuingiza utambuzi wa maandishi ndani ya kisoma skrini kulikuwa na faida kubwa kuliko jina lake linavyoonyesha. JAWS iliupata mwaka 2011, NVDA mwaka 2017 kwa kutumia utambuzi uliomo ndani ya Windows 10. Mtumiaji hufika kwenye picha, hubonyeza kitufe cha NVDA pamoja na R, husubiri kidogo, na maneno yaliyofungiwa ndani ya picha hugeuka maandishi anayoweza kuyapitia mstari kwa mstari.

Mfano ni tangazo la maulidi lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, la kijani, lenye mapambo pembeni. Programu hutenga wino na mandhari, hukata mistari, kisha maneno, kisha herufi, na hukisia kila umbo kwa kulilinganisha na maumbo iliyofunzwa. Makosa yake yana mtindo. Huisoma m kuwa r na n, sifuri kuwa O, na safu mbili zikikaa karibu huzichanganya hata saa ya kuanza ikaangukia jina la mhadhiri. Mswahili hulinasa kosa la kwanza papo hapo, kwani r na n hazifuatani hivyo katika Kiswahili. Tarakimu ndizo za kuogopwa: bili ya shilingi 1,860 na ya 1,360 zote huingia akilini. Sauti nayo ikiachwa kwenye Kiingereza huyatafuna maneno, ingawa sauti ya Kiswahili ipo katika eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA. Kwa karatasi ya mkononi hutumika simu, na baadhi ya programu humwambia mtumiaji ukingo upi wa ukurasa haujaingia kwenye kamera, naye husogeza mkono mpaka ukurasa wote uenee.

Sheria nazo zimesogea. Katiba ya 2010 inaitaja breli, na mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kitabu kigeuzwe katika umbo linalosomeka na wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Skana na utambuzi wa maandishi ndivyo vinavyoifanya ruhusa hiyo iwe kazi ya siku chache kwa kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kilatini.

Kwa hati za zamani mambo ni mengine. Programu za kawaida zinazotambua herufi za Kiarabu zimefunzwa kwa Kiarabu kilichopigwa chapa; hazitarajii Kiswahili ndani yake, wala nukta za ziada za Sikujua, na be mbili zenye a hazina namna ya kuziamulia kama ni baba au pamba. Asiyeona anayeishi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, anaweza kujisomea bili ya umeme peke yake usiku, lakini ukurasa wa al-Islah uliowekwa kwenye kompyuta kama picha bado unahitaji mtu aliyesoma hati hizo aketi karibu naye na kuutamka.