Akwariumu ya samaki wa Tanganyika: maji kwanza, samaki baadaye

Ku Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, mtoto wa miaka kumi anajua kuvua samaki. Kumuweka samaki huyo hai ndani ya sanduku la vioo, saloni, ni kazi ingine kabisa. Mara nyingi inapita hivi: mtu ananunua vioo, anajaza maji Jumamosi, anatia samaki kumi siku ile ile, na kufikia Jumatano wote wanaelea juu. Majirani wanasema maji ilikuwa na sumu. Ni kweli, sumu ilikuwemo. Lakini hakuna mtu aliyeitia. Samaki wenyewe ndio waliitoa.

Hapa kunaelezwa namna ya kutayarisha akwariumu ya kwanza, sumu hiyo inatoka wapi, na sababu gani sanduku lisubiri wiki nne mpaka nane mbele ya kupokea samaki.

Ziwa na samaki wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 673 na kina cha metre 1 470. Ni la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal ya Urusi. Linagawanywa na nchi nne: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kwa sababu ni la zamani sana, mamilioni ya miaka, samaki wake wamegeuka kuwa aina zisizopatikana pengine popote.

Ndagala na mikebuka ndizo zinajulikana sokoni. Lakini kando ya mawe kuna jamii ingine, yenye wanasayansi wanaita siklidi. Kuhe na ngege ni wa jamii hiyo. Wadogo wao, wa rangi ya manjano, buluu, nyeusi na nyekundu, hawauzwi kwa kula. Ndio wenye kutafutwa kwa akwariumu. Aina za siklidi ndani ya ziwa hili zinapita 200, na karibu zote ni za hapa tu.

Biashara ya kuwapeleka ng'ambo ilikua miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kwa ndege toka Bujumbura. Mbele yake, mtafiti Georges Marlier alifanya kazi Uvira miaka ya 1950, na mwaka 1959 aliandika kuhusu Tropheus duboisi, samaki mweusi yenye, akiwa mtoto, ana madoa meupe kama nyota. Leo watu wa Ujerumani ao Marekani wanafuga samaki hao, wakati nyumba nyingi za pembeni ya ziwa hazijawahi kuwaona wakiogelea.

Sanduku

Kwa mwanzo, sanduku kubwa ni rahisi kuliko dogo. Maji mingi inageuka polepole. Maji kidogo inaharibika kwa usiku mmoja. Kipimo kizuri ni urefu wa sentimeta 100, upana 40 na kimo 50. Hiyo inabeba lita 200.

Lita 200 ni kilo 200. Ukiongeza vioo, mchanga na mawe, unakaribia kilo 300. Meza ya kawaida haitoshi. Inaomba kilalo cha chuma, cha mbao ngumu ao cha matofali, kilicho sawa kabisa, na chini ya kioo kuwekwe frigoliti nyembamba ili kioo kisipasuke juu ya kajiwe kadogo.

Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza. Kwa kimo hicho, kioo kiwe cha milimeta 10. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Sanduku likauke wiki nzima. Kisha lijazwe maji nje ya nyumba kwa siku mbili. Kama linavuja, livujie kwenye kiwanja, si juu ya zulia.

Maji, mchanga na mawe

Maji ya Tanganyika si sawa na ya mto. Ina madini mingi, na pH yake ni kati ya 8,5 na 9. Joto la juu ya ziwa ni digrii 24 mpaka 27. Samaki wa hapa wamezoea hivyo na hawapendi mabadiliko.

Mwenye kuwa karibu na ziwa anaweza kuchota maji kwa bidon, lakini si pale watu wanafulia, wala pale mito ya mji inaingia. Afadhali mtumbwi uende mbali kidogo na kando. Maji ya robine inakuwa na klore, yenye kuua vijidudu vizuri na samaki pia. Iachwe wazi siku mbili, pampu ya hewa ikiitikisa, klore itoke.

Ku Bukavu, Goma ao Butembo, wengi watatumia maji ya mvua. Hiyo ni laini sana, haina madini. Bikaboneti ya jikoni inasaidia: kijiko kidogo kimoja kwa lita 50, unasubiri siku moja, unapima, unaongeza. Inapandisha pH karibu na 8 na kuizuia isianguke. Miji hiyo iko juu, usiku ni baridi, basi inaomba pia chombo cha kupasha maji joto. Uvira na Kalemie wanaweza mara nyingi kuendelea bila hicho.

Mawe yanawekwa mbele ya mchanga, yakikaa moja kwa moja juu ya chini ya sanduku. Siklidi wanapenda kuchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka na kuvunja kioo. Mawe ya volkano ya Goma yanafaa kwa sababu yana matundu madogo mengi, lakini yachaguliwe yasiyo na makali na yaoshwe sana, bila sabuni. Unataka kujua kama jiwe lina chokaa? Tia matone ya ndimu juu yake. Likitoa povu, lina chokaa, na kwa samaki wa Tanganyika hiyo ni nzuri.

Sumu inatoka wapi

Samaki anatoa amonia, zaidi kupitia mashavu yake ya kupumulia. Chakula chenye kubaki na mavi vinaoza, vinatoa amonia tena. Ziwani inapotea ndani ya maji mingi. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda.

Kinachookoa ni bakteria. Kundi la kwanza linakula amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inazuia damu ya samaki kubeba hewa. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, yenye samaki anaweza kuvumilia ikiwa si nyingi. Nitrati inatolewa kwa kubadilisha maji kila wiki.

Bakteria hao hawaelei tu ndani ya maji. Wanashikamana na mawe, mchanga, na zaidi sponji ya chujio yenye maji inapitia. Wanaongezeka polepole, na sanduku jipya halina wa kutosha. Hiyo ndiyo siri ya samaki wa Jumatano.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali sana, ingine si kali. Kwenye pH 7, ile kali haifiki 1 kwa 100. Kwenye pH 9 na joto la digrii 25, inapita 30 kwa 100. Kiasi kile kile cha uchafu chenye samaki wa mto angevumilia, kinaua samaki wa ziwa.

Wiki kwa wiki

Siku ya kwanza: sanduku linajazwa, chujio na pampu ya hewa vinawashwa na havizimwi tena. Hakuna samaki. Ili bakteria wapate chakula, tia ndagala kavu mbili tatu, zisizo na chumvi, ndani ya kitambaa chepesi. Zitaoza na kutoa amonia. Itanuka kidogo, si kosa.

Wiki ya kwanza na ya pili: amonia inapanda. Maji inaweza kuwa kama maziwa. Usiibadilishe, itajisafisha.

Wiki ya pili mpaka ya nne: amonia inaanza kushuka, nitriti inapanda. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaona maji imekuwa safi kama kioo na wanatia samaki. Macho hayaoni nitriti.

Wiki ya nne mpaka ya nane: nitriti inashuka, nitrati inaonekana. Ongeza ndagala ingine moja kavu. Kama amonia na nitriti vinabaki ziro wiki nzima ingawa ndagala inaoza mle ndani, sanduku liko tayari. Toa mabaki, badilisha nusu ya maji, kisha tia samaki wa kwanza, wawili ao watatu tu. Wengine wafuate nyuma ya wiki mbili.

Vipimo vya matone vinaonyesha amonia, nitriti na nitrati kwa rangi. Ni vigumu kupata kila mji, lakini chupa moja inatumika mara nyingi, na watu kadhaa wanaweza kuchangia. Mwenye kukosa kabisa asubiri wiki nane kamili. Samaki akipanda juu kutafuta hewa, ao mashavu yakiwa mekundu sana, badilisha nusu ya maji saa ile ile, kwa maji ya joto sawa, na usimlishe siku mbili.

Kuna njia moja ya kufupisha: kuomba sponji chafu kwa mtu mwenye akwariumu nzima ya muda mrefu, na kuitia ndani ya yako. Uchafu ule ndio bakteria wenyewe. Kwa hiyo sponji haioshwi kamwe na maji ya robine. Inakamuliwa ndani ya ndoo yenye maji ya akwariumu.

Umeme ukikatika

Bakteria wanapumua kama samaki. Umeme ukikatika saa moja mbili, si shida kama samaki ni wachache. Usiku mzima ni hatari kwa wote. Pampu ndogo ya hewa yenye kutumia batri, ao batri ya plake ya jua, inatosha kuokoa sanduku, maana inaomba nguvu kidogo sana. Bila hiyo, chota maji kwa kikombe na umwage toka juu, mara kwa mara, na usitie chakula mpaka umeme urudi. Sponji isikauke.

Samaki wa kuanza nao

Neolamprologus brevis ni mdogo, sentimeta 5 ao 6, na anaishi ndani ya ganda la konokono, mume na mke pamoja. Neolamprologus brichardi anaishi kwa kundi kando ya mawe, na watoto wakubwa wanasaidia kulinda wadogo wao. Hao wanafaa.

Tropheus ni mzuri kwa macho lakini si wa kuanza naye. Anakula majani ya juu ya mawe. Chakula cha nyama kinamvimbisha tumbo na kumuua. Frontosa, mwenye nundu kichwani, anapita sentimeta 30 na anatoka kina kirefu. Samaki wa kina akivutwa haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba na viungo vya ndani vinaumia. Wapiga mbizi wa kazi hii wanawapandisha kidogo kidogo, kwa siku nyingi.

Kabla ya kuchukua samaki ziwani, na zaidi kama ni kwa kuuza, inafaa kuuliza huduma ya uvuvi na ya mazingira ya eneo. Na samaki wa akwariumu asirudishwe ziwani, hata kwa huruma. Kila kando ya mawe ina Tropheus wa rangi yake. Wa Bemba si sawa na wa Moba. Wakichanganywa, rangi zinapotea, na ugonjwa unaweza kuwafikia wenye afya.

Na akwariumu ya bahari?

Wenye kufuga samaki na matumbawe ya bahari wanapita njia ile ile: amonia, nitriti, nitrati, na subira ya wiki nyingi. Tofauti ni chumvi maalum, karibu gramu 35 kwa lita, taa kali, na nitrati kidogo sana, maana matumbawe hayavumilii uchafu. Mbali na bahari gharama ni kubwa. Mwenye kujifunza na maji ya Tanganyika atakuwa ameshajua nusu ya kazi.

Ya kukumbuka kila wiki

Badilisha robo ya maji. Usivute mpira kwa mdomo, maana maji ya akwariumu na ya ziwa inaweza kuleta kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo. Ujaze mpira maji kwanza, kisha ushushe ncha moja ndani ya ndoo. Nawa mikono kwa sabuni, mbele na nyuma, na usuuze vizuri mbele ya kugusa maji. Maji yenye kutolewa isimwagwe bure: nitrati ni mbolea, na lenga-lenga zinaipenda. Chakula kiwe kile samaki wanamaliza kwa dakika mbili. Chenye kubaki chini kinarudi kuwa amonia.