Kumwokoa Mtoto au Kuiokoa Nyumba?

Tarehe 9 Januari 1945, katika shamba moja la Shropshire, magharibi ya Uingereza, alikufa mvulana jina lake Dennis O'Neill. Umri wake ulikuwa miaka 12. Mwili wake ulikutwa umekonda kupita kiasi, nao ulikuwa na alama za mapigo mengi. Mwenye shamba, Reginald Gough, alihukumiwa kifungo cha miaka 6, na mkewe miezi 6.

Ukatili si jambo geni duniani, na pengine habari hii ingalisahauliwa kama zilivyosahauliwa nyingine nyingi, lau si jambo moja. Dennis hakuwa mwana wa Gough. Yeye na ndugu zake walikuwa wametolewa kwa wazazi wao katika mji wa Newport, Wales, kwa amri ya mahakama, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ya ufukara na watoto hawakutunzwa ipasavyo. Halmashauri ya mji ikawa mlezi wao kisheria, nayo ikawaweka kwa watu wengine kwa malipo ya kila juma. Basi mtoto huyu aliokolewa kutoka kwao, kisha akafia mikononi mwa watu waliolipwa kumlea.

Sir Walter Monckton aliwekwa na serikali kuchunguza mambo yalivyokuwa. Aliona kwamba halmashauri mbili, ile ya Newport na ile ya Shropshire, hazikuwa zimeelewana ni nani wa kumtazama mtoto. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili tu, na chombo kilizama. Mjumbe mmoja alifika shambani kabla ya Krismasi, akamwona Dennis, akashauri aondolewe. Siku zikapita, sikukuu ikaingia, mtoto akabaki pale pale.

Ili tuelewe kwa nini taifa lenye sheria nyingi namna ile lilishindwa kumlinda mtoto mmoja, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Waingereza walikuwa na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama tangu mwaka wa 1824. Watoto walingoja sana. Chama cha kwanza cha kuwatetea kilianzishwa Liverpool mwaka wa 1883, na Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto mwaka wa 1889. Punda alitangulia kupata mtetezi! Kwa sheria hiyo mahakama iliweza kumtoa mtoto kwa mzazi mkatili na kumkabidhi mtu mwingine. Mkaguzi wa chama alizunguka mitaani kutazama watoto, na watu wakampa jina la bwana wa ukatili. Sheria hiyo ilikuwa njema, wala si haki kuidharau, lakini nguvu zake zilikuwa katika kuadhibu na kumtoa mtoto, madhara yakiisha kutokea.

Baada ya kifo cha Dennis, na baada ya uchunguzi mkubwa wa kamati iliyoongozwa na Bibi Myra Curtis, Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto ya mwaka wa 1948. Kila halmashauri kubwa ilitakiwa kuwa na ofisa wa watoto, mmoja mwenye kuulizwa, ili pasiwe tena na kusingiziana. Wengi wa maofisa wa kwanza walikuwa wanawake. Walianza kazi yao ya kuwatunza watoto waliokwisha kuondolewa makwao, lakini haukupita muda mrefu wakaanza kujiuliza swali ambalo sheria haikuwauliza: watoto hawa wanatoka wapi?

Walipofuatilia, mara nyingi hawakumkuta mzazi katili. Walikuta mama aliyelazwa hospitali na baba asiye na mtu wa kumwachia watoto. Walikuta jamaa waliofukuzwa katika nyumba ya kupanga kwa deni la kodi, watoto wakapelekwa katika makao ya halmashauri kwa kuwa hawakuwa na pa kulala. Hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Sheria ilimruhusu ofisa kutumia fedha za umma kumlisha mtoto huyo katika makao, juma baada ya juma, hata mwaka baada ya mwaka. Haikumpa uwezo wa kulipa lile deni dogo ambalo lingemwacha mtoto na mama yake. Ni kama mtu aliyekatazwa kununua bati la kuziba paa, lakini akaruhusiwa kununua ndoo mpya kila siku za kukingia maji ya mvua.

Miaka 15 ilipita kabla ya jambo hilo kurekebishwa. Sheria ya mwaka wa 1963, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, iliziagiza halmashauri kuzipa jamaa shauri, mwongozo na msaada, ili watoto wasilazimike kutolewa makwao; na penye haja kubwa, hata fedha taslimu. Msomaji anaweza kuuliza, je, watu hawatazoea kupewa? Swali hilo ni la haki. Lakini na aliyeuliza afanye hesabu: kodi ya majuma machache kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili malezi ya watoto watatu au wanne mpaka wawe watu wazima. Nami sijataja bado machozi, ambayo hayaandikwi katika daftari la mapato na matumizi.

Sheria ya mwaka wa 1989 iliendelea na njia hiyo, ikaufanya msaada kwa jamaa wenye watoto wahitaji kuwa wajibu wa kila halmashauri. Hata hivyo sheria haina macho. Huazima ya watu. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast mwaka wa 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Desturi hii twaijua vizuri hapa kwetu. Ni wangapi kati yetu waliosomeshwa na mjomba au shangazi! Wazazi hao hawakufanya kosa lolote. Huko London mama huyo alikwenda ofisini kuomba nyumba na fedha, na maofisa wakashughulikia nyumba na fedha. Karibu hapakuwa na mtu aliyekaa na mtoto mwenyewe akamsikiliza. Alikufa tarehe 25 Februari 2000, akiwa na umri wa miaka 8, na alama 128 mwilini. Lord Laming, aliyechunguza habari hiyo, alitaja mwaka wa 2003 nafasi 12 ambazo angaliweza kuokolewa. Sheria nyingine ikafuata mwaka wa 2004, ikiwalazimisha polisi, hospitali na halmashauri kushirikiana.

Mwaka huo huo wa 2004, Kenya ilikuwa na mayatima wengi walioachwa na maradhi ya ukimwi, nao wengi walikuwa wakilelewa na bibi zao wasio na kitu. Serikali ilianza kwa kujaribu: nyumba zipatazo 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi zilipewa shilingi 500 kwa mwezi, ili yatima abaki na jamaa zake. Mpango huo ukakua ukaenea nchi nzima. Mwaka wa 2022 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watoto, na pamoja nayo mpango wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika jamaa, utakaofikia mwisho wake mwaka wa 2032.