Sapin-sapin, Kitamu cha Mchele na Tui

Mwaka 1521, Antonio Pigafetta, mwandishi wa msafara wa Magellan, alifika Ufilipino na kueleza jinsi nazi inavyokunwa, ikachanganywa na maji yake na kuchujwa kwa kitambaa hadi yatoke maziwa kama ya mbuzi. Tui hilo na mchele ndiyo asili ya kakanin, vitamu vya mchele vya visiwa hivyo. Katika ukoo huo sapin-sapin ndiyo yenye madaha kuliko zote: zambarau, njano na nyeupe, tabaka juu ya tabaka.

Chimbuko lake mara nyingi hutajwa kuwa mkoa wa Abra, kaskazini mwa Luzon, ingawa Malabon, karibu na Manila, nako kuna wapishi waliojipatia jina kwa kitamu hiki.

Kazi yenyewe inadai subira. Zamani mchele unaonata uliloweshwa, kisha ukasagwa pamoja na maji kwa jiwe la kusagia hadi uwe uji laini. Uji huo hutiwa tui na sukari, hugawanywa, na kila fungu hupewa rangi yake. Zambarau hutoka kwa ube, kiazi cha jamii moja na kiazi kikuu cha pwani yetu. Njano huambatana na fenesi. Tabaka la kwanza hupikwa kwa mvuke mpaka lishike, ndipo la pili humiminwa juu yake. Mpishi akiharakisha, rangi huchanganyika na kazi yote huharibika. Mwishoni kitamu hupinduliwa juu ya ungo uliotandikwa jani la mgomba na kunyunyiziwa latik, chembe za kahawia zinazobaki tui likichemshwa hadi mafuta yajitenge.

Marekani ilipoitawala Ufilipino kuanzia 1898, maziwa ya kopo yalienea, na leo mapishi mengi huyachanganya na tui. Unga wa dukani umechukua nafasi ya jiwe. Hayo yanavumilika, kwa kuwa yamempunguzia mpishi kazi bila kuiua ladha. Rangi ya chupa inayotiwa badala ya ube ni jambo jingine: humpa mlaji zambarau ya kutazama tu, na kumnyima kiazi chenyewe. Anayeuziwa sapin-sapin ana haki ya kuuliza ube iko wapi.